UZI: Ngano inayofika Dar imebadilisha asili yake. Tuwalinganishe wauzaji wakubwa wa dunia kwa miaka 50

Gati Namba Tano

Wakuu, heshima kwenu.

Kila kiroba cha unga wa ngano kinapopanda bei, humu ndani hoja huwa mbili tu. Wengine wanasema wenye viwanda wanatunyonya, wengine wanasema ni vita ya Urusi na Ukraine. Mimi nipo kwenye uagizaji wa nafaka, upande wa makaratasi ya meli, na kwa ninavyoona hoja zote mbili zinaruka jambo kubwa. Ramani ya nani anaiuzia dunia ngano imepinduka ndani ya umri wa watu ambao bado wako kazini, na sisi tumepinduka nayo bila kukaa chini tukajadili.

Nitaandika kwa vipande, mnivumilie. Hoja yangu naitanguliza ili hata asiyemaliza uzi aondoke nayo: muuzaji wa ngano apimwe kwa wingi wa anachouza, na apimwe pia kwa jinsi anavyoyumba mwaka hadi mwaka. Hapa kwetu tunaangalia bei ya wiki hii, basi.

Kwanza tuwekane sawa kwenye hesabu, maana hapa ndipo mabishano mengi huharibika. Dunia inavuna karibu tani milioni 800 za ngano kwa mwaka. Kiasi kinachovuka mipaka ni kama robo yake, zaidi kidogo ya tani milioni 200. China na India ni wakulima wakubwa sana, ila karibu yote wanaila wenyewe. Kwa hiyo mtu akikuonyesha orodha ya wazalishaji akidai hao ndio wauzaji, mrudishe taratibu.

Pili, msimu. Marekani wanahesabu mwaka wao wa ngano kuanzia Juni hadi Mei. Australia wanaanza Oktoba. Wafanyabiashara wengi wa kimataifa wanatumia Julai hadi Juni. Ukichukua takwimu ya Januari hadi Desemba ya nchi moja ukaiweka kando ya takwimu ya msimu ya nchi nyingine, unalinganisha mavuno mawili tofauti. Ndiyo maana nikiandika 2022/23 humu, huo ni msimu.

Tatu, mipaka yenyewe inahama. Muungano wa Kisovieti ulihesabiwa nchi moja hadi 1991, kisha ukawa Urusi, Ukraine, Kazakhstan na wengine. Umoja wa Ulaya unahesabiwa kama muuzaji mmoja, na ngano inayotoka Ufaransa kwenda Uholanzi haiingizwi kwenye mauzo ya nje. Romania na Bulgaria walipojiunga 2007, ngano yao ikahamia safu ya Ulaya, ingawa meli zao zinapakia Bahari Nyeusi ileile. Mchoro wowote wa "kanda" usiokwambia haya, usiuamini haraka.

Naendelea.

---

Kijana wa Buguruni

Nimekaa mbele kabisa mkuu. Endelea.

---

Gati Namba Tano

Asante mkuu. Tuanze na Marekani, maana huko ndiko dunia ilikokuwa inaangalia.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Ulaya ilikuwa na njaa na Marekani ilikuwa na ghala zilizojaa. Mwaka 1954 wakatunga sheria ya kupeleka nafaka za ziada nchi nyingine, nyingine kwa mkopo nafuu na nyingine kama msaada. Wazee wetu wanaikumbuka kwa magunia yenye picha ya mikono miwili iliyoshikana. Nchi nyingi zilizokuwa hazili mkate zikauzoea katika miaka hiyo.

Kisha ukaja 1972. Mavuno ya Wasovieti yaliharibika, wakaingia kimyakimya kwenye soko la Marekani na kununua zaidi ya tani milioni 10 za ngano kabla wengi hawajajua kinachoendelea. Busheli moja (karibu kilo 27) iliyokuwa chini ya dola 2 ikapita dola 5 kufikia mwanzoni mwa 1974. Kwa mimi hilo ndilo tukio la kuanzia hesabu, kwa sababu mnunuzi mmoja tu alibadilisha bei ya mkate wa dunia nzima.

Kilele cha Marekani kilikuwa msimu wa 1981/82, walipouza nje takribani tani milioni 48. Wakati huo karibu nusu ya ngano iliyovuka mipaka ilikuwa yao. Sasa nenda 2023/24: takribani tani milioni 19, kiwango cha chini kuliko vyote tangu mwanzoni mwa miaka ya 70. Fungu lao limebaki karibu moja ya kumi.

Je, wameshindwa kulima? Hapana. Wakulima wao walihamia mahindi na soya. Sheria ya kilimo ya 1996 iliwaachia uhuru wa kuchagua zao bila kupoteza ruzuku, kisha mwaka 2005 ikaja sheria ya kuchanganya ethanoli (spiriti inayotengenezwa kwa mahindi) kwenye mafuta ya magari, na mahindi yakapata soko la ndani la uhakika. Eneo la ngano mwaka 1981 lilikuwa ekari milioni 88. Siku hizi linachezea kati ya milioni 45 na 50. Muuzaji alipunguza duka kwa hiari yake, kwa sababu biashara nyingine ilimlipa zaidi.

---

Mhasibu Mstaafu

Mleta uzi, naongeza hapo. Usiisahau 1980. Wasovieti walipoingia Afghanistan, Rais Carter akasimamisha mauzo ya nafaka kwao. Reagan akaondoa zuio hilo 1981. Ajentina ndiyo iliyofaidika, wakauza wao. Wakulima wa Marekani walilalamika kwa miaka kwamba wateja walifundishwa kutafuta duka lingine.

---

Gati Namba Tano

Mzee wangu, shikamoo, na asante sana kwa nyongeza. Ni kweli kabisa, na funzo lake limejirudia kila nchi iliyofunga mlango.

Ulaya nitaipitia haraka. Sera yao ya pamoja ya kilimo ilianza 1962, ikawahakikishia wakulima bei nzuri, na kanda iliyokuwa inaagiza ngano ikajikuta inauza. Ufaransa ndio uti wa mgongo, na Rouen ndiyo bandari yao kubwa ya ngano. Ulaya ni muuzaji mkubwa, wa kutegemewa kiasi, lakini naye mvua humwangusha: mavuno ya Ufaransa ya 2024 yalikuwa mabaya kuliko yote tangu miaka ya 80. Aljeria, iliyokuwa mteja wao wa jadi, tangu 2021 imefungua mlango kwa ngano ya Urusi.

Sasa Bahari Nyeusi. Hapa tutakaa kidogo.

Watu wanaizungumzia Urusi kama muuzaji mpya. Kabla ya 1914 Dola ya Urusi ndiyo iliyokuwa inaongoza duniani kwa kuuza ngano, na Odesa ilijengeka kwa biashara hiyo. Vita ya Kwanza ikafunga mlango wa bahari wa Uturuki, yakaja mapinduzi, ukaja ujamaa wa mashamba, na kanda ile yenye udongo mweusi wenye rutuba ya ajabu ikaishia kuwa mwagizaji. Katikati ya miaka ya 80 Wasovieti walikuwa wananunua ngano nje kwa makumi ya mamilioni ya tani kwa mwaka.

Mwaka 1991 dola ikavunjika. Ufugaji wa serikali uliokuwa unakula nafaka nyingi ukaporomoka, ng'ombe na nguruwe wakapungua sana, na nafaka waliyokuwa wanalishwa ikabaki. Sarafu yao ikashuka thamani 1998, na tena 2014, kwa hiyo ngano yao ikawa rahisi kwa mwenye dola. Wakajenga vituo vya kupakia Novorossiysk, bandari yenye kina kirefu. Kufikia 2001 na 2002 Urusi ilikuwa inauza kuliko inavyonunua. Katikati ya muongo uliofuata ikaipita Marekani. Msimu wa 2017/18 iliuza takribani tani milioni 41. Msimu wa 2023/24, vita ikiendelea, takribani milioni 55, ambazo ni zaidi ya kilele chochote cha Marekani.

Sasa angalia upande wa pili. Msimu wa 2009/10 Urusi iliuza nje zaidi ya tani milioni 18. Kiangazi cha 2010 kukawa na ukame na moto wa misitu, na Agosti serikali ikapiga marufuku kuuza nje. Msimu uliofuata wakauza takribani milioni 4. Ndani ya miezi michache tu! Tangu 2021 wana ushuru wa kuuza nje unaopanda na kushuka na bei, pamoja na ukomo wa tani kwa nusu ya pili ya msimu. Ngano ni nyingi kweli, lakini bomba lina koki, na koki iko mkononi mwa mtu.

---

Mama Ntilie wa Mabibo

Kaka habari za kazi. Mimi nakaanga chapati na maandazi, takwimu kubwa sizijui, lakini 2022 naikumbuka vizuri. Unga ulikuwa unapanda kila ninaporudi dukani, mafuta ya kula nayo juu. Wateja wangu ni bodaboda na vibarua, nikiwapandishia bei hawaji. Nikawa napunguza donge. Kiganja cha zamani kilikuwa kinajaa, nikalifanya donge dogo na kusukuma chapati nyembamba zaidi. Wateja wanaona, wanakaa kimya tu.

Swali langu: kama vita ilikuwa Ukraine, na unasema Urusi waliendelea kuuza, mbona sisi tuliumia hivyo?

---

Gati Namba Tano

Dada, hilo ni swali zito na nitalijibu kwa urefu.

Bei ya ngano inawekwa kwa hofu ya kesho kabla ya upungufu wa leo. Machi 2022 bei kwenye soko la nafaka la Chicago, Marekani, ilipita dola 12 kwa busheli, kiwango ambacho hakikuwahi kuonekana kwa miaka mingi. Siku hiyo hakuna mkate uliokuwa umepungua popote kwa sababu ya vita. Watu walinunua wakihofia kwamba meli hazitatoka. Bandari za Ukraine zilifungwa kweli, bima ya meli Bahari Nyeusi ikapaa, na mafuta ya meli yakapanda kwa wakati uleule.

Mei 13, 2022 India nayo ikapiga marufuku kuuza ngano nje, baada ya joto kali kuunguza mavuno, wakati dunia ilishaanza kuihesabu kama mbadala. Hapo bei ikasukumwa tena.

Julai 22 mwaka huo Uturuki na Umoja wa Mataifa wakasimamia makubaliano ya kuziachia meli zitoke bandari za Ukraine. Yalidumu mpaka Julai 17, 2023 Urusi ilipojitoa, na karibu tani milioni 33 za nafaka na vyakula zilikuwa zimepita. Baadaye Ukraine ikafungua njia yake ikipita karibu na pwani za Romania na Bulgaria, na kabla ya hapo ilikuwa inasukuma shehena kwa bandari ndogo za mto Danube, Izmail na Reni.

Watu hushangaa nikiwaambia hili: kwa tani, mauzo ya ngano ya Ukraine hayakuporomoka kama tulivyohofia. Msimu wa 2021/22 waliuza karibu milioni 19, uliofuata karibu milioni 17. Walikuwa wanatoa akiba za mavuno makubwa ya 2021. Kilichoporomoka ni uhakika, pamoja na bei anayopewa mkulima wao. Wewe wa Mabibo na yule wa Odesa mliumia wote, na gharama ya kati ikabaki kwenye bima, nauli na ucheleweshaji.

Na kwa nini sisi hasa? UNCTAD, chombo cha Umoja wa Mataifa cha biashara na maendeleo, ilitoa hesabu mwaka 2022: kati ya 2018 na 2020, zaidi ya asilimia 60 ya ngano tuliyoagiza Tanzania ilitoka Urusi na Ukraine. Nchi mbili, bahari moja, mlango mmoja wa kutokea pale Istanbul. Tulifika huko hatua kwa hatua, kila mwagizaji akichagua bei nzuri ya siku hiyo, na kila mmoja alikuwa na sababu ya kufanya hivyo. Jumla yake ndiyo iliyotuumiza.

---

Kijana wa Buguruni

Mkuu kwani hiyo ngano inakujaje hapa? Sisi tunaona malori tu yanapita Mandela yanamwaga vumbi.

---

Gati Namba Tano

Inakuja ikiwa imemwagwa ndani ya meli bila magunia. Gatini kuna kreni yenye kikombe kikubwa cha chuma kinachojifunga kama taya. Kinashuka kwenye shimo la meli, kinauma ngano, kinapanda, kinamwaga kwenye faneli kubwa ya chuma, na lori linakaa chini ya faneli. Vumbi lake linaingia kila mahali. Vijana wanaofagia pembeni wanajifunga vitambaa puani, na mwisho wa zamu nyusi zao zimekuwa nyeupe.

Mvua ikinyesha, kazi inasimama. Mashimo yanafunikwa, kwa sababu ngano ikilowa imeharibika. Masika yakikaza, meli inaweza kukaa siku kadhaa bila kushusha, na kila siku ya ziada mwagizaji analipa demareji (tozo ya kuchelewesha meli) kwa dola. Hiyo pia imo kwenye chapati ya dada wa Mabibo.

Kwenye karatasi mimi naangalia vitu vichache: unyevu, uzito kwa ujazo, na protini. Ngano ya Urusi inayouzwa sana ni ya protini asilimia 12.5. Ya Kanada nyekundu, inayopandwa majira yao ya kuchipua, hupita 13. Mkate wa kuumuka unataka protini ya juu. Chapati na maandazi vinavumilia kiasi. Viwanda huchanganya: ya bei nafuu iwe nyingi, yenye nguvu iwe kidogo ya kuinua. Kwa hiyo hata muuzaji wa ngano bora mwenye tani chache kuliko Urusi, kama Kanada, ana nafasi ambayo tani peke yake hazionyeshi.

---

Mhasibu Mstaafu

Marahaba kijana. Basi tupe kipimo chako cha kuyumba. Ukiwapanga, nani anayumba zaidi?

---

Gati Namba Tano

Mzee, nitatumia misimu mibaya tu, maana misimu mizuri kila mtu anapendeza.

Australia huyumba sana, na sababu ni mvua. Ukame wa katikati ya miaka ya 2000 uliwashusha chini ya tani milioni 10, halafu 2022/23 wakauza takribani milioni 32, rekodi yao. Wao wako karibu na Asia, ndiko nguvu yao iliko, ila sisi tupo bahari moja nao, Bahari ya Hindi, na meli yao haipiti Suez wala Bab el-Mandeb. Tangu mashambulizi ya Bahari ya Shamu yaanze mwishoni mwa 2023, hilo lina uzito mkubwa kuliko zamani. Meli nyingi zimekuwa zikizunguka Rasi ya Tumaini Jema.

Ajentina huyumba kwa mvua na kwa siasa. Desemba 2015 serikali mpya iliondoa kodi ya kuuza ngano nje na wakulima wakarudi kulima kwa wingi. Baadaye kodi ikarudi. Kisha ukame wa 2022/23 ukawakata mauzo hadi chini ya theluthi moja ya msimu uliotangulia.

Kanada ni imara kiasi, ingawa ukame wa 2021 uliwapiga vibaya. Hadi 2012 walikuwa na bodi moja ya kuuza ngano ya magharibi mwa nchi, na Australia walikuwa na mfumo kama huo hadi 2008. Bodi hizo zilikuwa zinasaini mikataba mirefu na serikali za nchi zinazoagiza. Zilipoondoka, mnunuzi mdogo kama sisi alibaki sokoni peke yake na makampuni makubwa ya biashara.

Marekani imepungua lakini haijawahi kufunga kwa kushtukiza tangu enzi za Carter. Urusi ina wingi kuliko wote na ina koki. Kazakhstan nimeiacha kwa makusudi: haina bahari, ngano yake inaenda Uzbekistan na Afghanistan.

Ningekuwa na sauti kwenye meza ya maamuzi, ningetaka nchi iwe na akiba ya ngano ya miezi kadhaa, na waagizaji wahamasishwe kugawa vyanzo: sehemu kubwa Bahari Nyeusi kwa sababu ya bei, sehemu ya uhakika Australia au Ajentina hata ikiwa ghali kidogo. Ushuru tayari ni chombo tunacho. Jumuiya ya Afrika Mashariki imeweka asilimia 35 kwa ngano ghafi, na nchi wanachama huomba kutoza 10. Punguzo hilo lingeweza kufungwa na masharti ya akiba.

---

Basotu Yetu

Mnazungumza Australia na Ajentina, mmeisahau Hanang? Nimezaliwa huko. Ngano tulilima.

---

Gati Namba Tano

Sijaisahau ndugu yangu, nilikuwa nasubiri mwenyeji. Kwa wasiojua: kuanzia mwaka 1970 hivi, kwa msaada wa Kanada, mashamba makubwa saba ya ngano yalifunguliwa Hanang chini ya NAFCO, shirika la umma la kilimo na chakula, kwa matrekta na mashine za kuvunia kama za kule kwao. Ngano ilitoka kweli. Lakini ardhi ile ilikuwa malisho ya wafugaji wa Kibarabaig, na wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani miaka ya 80 kuipigania. Msaada ulipoisha, mashine zikakosa vipuri, na NAFCO yenyewe ikaishia kubinafsishwa.

Leo mahitaji ya nchi yanakaribia tani milioni 1 kwa mwaka na tunavuna sehemu ndogo tu. Kuna nyanda za baridi zinazofaa: Hanang, Siha, Makete, Sumbawanga. Tatizo ninaloliona kwenye karatasi ni kwamba kiwanda cha Dar kinataka shehena kubwa yenye protini ileile kutoka gunia la kwanza hadi la mwisho. Mkulima wa Makete analeta magunia machache, kila moja na ubora wake. Ghala la pamoja lenye mashine ya kupima protini, kule kule kwa mkulima, lingefanya kazi ambayo hotuba hazijafanya.

---

Basotu Yetu

Hapo umenena. Sisi mnunuzi anakuja na mizani yake, anakadiria ubora kwa kutafuna punje, anataja bei. Hatuna cha kumbishia.

---

Gati Namba Tano

Basi tuendelee na hilo. Ndugu, tuandikie msimu huu mbegu gani zimepandwa huko na mnunuzi anatoa bei gani shambani. Mimi nitaweka bei ya ngano ya nje ikishafika gatini, pamoja na nauli, bima na ushuru, tuziweke kando kwa kando humuhumu. Walioko Makete na Sumbawanga nao waje na zao.